Saa kumi na moja ndani ya basi, kufuata mkanda

Nilipomwambia dada yangu kwamba nasafiri usiku kucha kwenda kutazama filamu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani huku haijafika?" Ilikuwa imefika. Ukumbi uko dakika ishirini kutoka kwangu, na nilikuwa nimeshaitazama mara moja.

Nilichofuata mimi ni mkanda wenyewe, yaani utepe wa filamu unaopita kwenye projekta. Sehemu kubwa ya filamu ile ilipigwa kwa kamera za mkanda za IMAX, mfumo wa sinema za skrini kubwa mno, na picha ya kamera hizo inakaribia mraba: upana wake ni mara 1.43 tu ya kimo. Kumbi nyingi zenye jina hilo mlangoni zinatumia projekta za kidijitali na skrini ya 1.90, kwa hiyo picha hukatwa juu na chini. Zinazoonyesha mkanda wa milimita 70 ni chache mno, duniani kote ni makumi machache tu. Nusura nikate tiketi ya ukumbi wa IMAX ulio karibu zaidi, mwendo wa saa nne, kwa kulevywa na jina. Bahati nzuri niliwaandikia kwanza: mnaonyesha mkanda au faili? Wakajibu, faili. Basi safari ikawa ya saa kumi na moja badala ya nne.

Kosa nililolifanya ni kubana ratiba. Onyesho saa mbili usiku, basi la kurudi saa sita usiku huohuo. Tena nilichelewa kukata tiketi, nikapata safu ya tatu kutoka mbele. Skrini ilikuwa na kimo cha jengo la ghorofa. Nilikuwa nageuza shingo huku na huku kumfuata mtu anayezungumza. Dakika ya arobaini hivi picha ikatetemeka, ikapotea. Taa zikawashwa. Tukaambiwa mkanda umekwama.

Mkanda wa IMAX haushuki wima kama mingine mingi, unapita kwa ubavu, na kila fremu, yaani picha moja, inachukua matundu 15 ya pembeni yanayoshikwa na mtambo. Kwa fremu 24 kila sekunde, karibu mita 1.7 zinapita mbele ya taa kwa sekunde moja. Filamu ya saa tatu inazidi kilomita 18, na zote zimelazwa kwenye sahani moja kubwa inayozunguka. Mimi nashangaa kwamba haukwami kila siku.

Baada ya saa nzima ya kusubiri, tukapewa nafasi katika onyesho la kesho yake mchana. Watu wa basi hawakuwa na shida, wakanisogezea safari. Bosi ndiye alinipa kazi. Nilifikiria kusingizia homa, nikaona aibu, nikamweleza ukweli. "Kwa hiyo sinema imeharibika, na wewe umebaki kuisubiri ipone?" Nikasema ndiyo. Akakata siku moja ya likizo yangu.

Kesho yake niliwahi, nikaomba kiti cha katikati, theluthi ya nyuma. Hapo ndipo pa kukaa. Picha yote inajaza macho bila shingo kuhangaika. Chumba cha projekta kilikuwa na dirisha la kioo, na fundi alipoona nimeganda pale akatoka na kipande cha mkanda uliokatwa. Fremu moja ilinijaa upana wa vidole vinne. Nikatafuta mstari wa sauti pembeni, sikuuona. "Sauti haipo humo," akasema, "inachezwa na mtambo mwingine, tunaiendesha sambamba."

Safari hii mkanda haukukwama. Matukio ya ndani ya vyumba yalikuwa na weusi juu na chini, halafu tukitoka nje tu, picha inafunguka kwenda juu bila taarifa, na kila mara nilijikuta nimeinua kidevu. Ila kwenye kona ya kushoto, chini, kulikuwa na unywele. Ulicheza pale kama dakika kumi, mrefu kuliko mtu, kisha ukatoweka.

Nikitoka nilimkuta fundi anauweka mkanda kwa onyesho la jioni, anaupitisha kwenye magurudumu kwa vidole vya glavu nyeupe. Nikamtajia ule unywele.

"Kona ya kushoto?" akasema bila kugeuka. "Nimeuona. Siwezi kuugusa mkanda ukitembea. Niliketi hapa nauombea utoke."