Sahihi ya Shangazi

Shangazi yangu hakusoma hata darasa moja, lakini karatasi alizitunza kuliko sisi tuliosoma. Stakabadhi ya ushuru wa mwalo tunaposhushia samaki, ya mchango wa mwenge, ya ujenzi wa darasa, zote zilikaa kwenye kopo la Blue Band chini ya kitanda, zimefungwa kwa kipande cha uzi wa nyavu. Ukimuuliza ya mwaka gani, anaitambua kwa rangi ya karatasi na kwa doa la mafuta ya mawese.

Agosti 2018 nilikuwa nyumbani likizo, kijijini kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma mjini. Kijiji sikitaji kwa sababu wahusika bado wapo na tunasalimiana. Zilikuwa siku za mbalamwezi. Aliyekulia mwambao ule anajua maana yake: dagaa huvuliwa gizani kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Wanaume wanashona nyavu. Wanawake wa dagaa, ambao siku nyingine hawaachi vichanja vya kuanikia hata kwa dakika kumi, wanapata muda wa kukumbuka wanachodai.

Shangazi alikuwa anadai choo.

Tangu kipindupindu kilipopiga Kagunga mwaka 2015, wakati wakimbizi wa Burundi walipojaa kwenye ule ufukwe mdogo, neno choo halikuwa la mzaha kwetu. Ndipo ikaja hoja ya kujenga choo cha mwaloni, na kila mwenye kichanja akatoa shilingi 10,000. Shangazi ana vichanja viwili, akatoa 20,000, akapewa stakabadhi, ikaingia koponi. Kuta zikapanda, zikafungwa lenta, ujenzi ukaishia hapo. Mbuzi wakapata kivuli.

Alikwisha kwenda ofisi ya kijiji kuuliza, yeye na wenzake watatu. Hawakuambiwa fedha ziko wapi. Waliulizwa, "Nani kawatuma?"

Jambo hilo lilinichoma, na kwa ujana wangu nikaona dawa ninayo. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni na nilikuwa na nakala ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, niliyochapisha kwenye steshenari moja pale Mwanga, Kigoma mjini. Nakala yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Usiku mzima nilimtafsiria shangazi kwa mwanga wa simu: kwamba ibara ya 18 ya Katiba inampa haki ya kutafuta na kupata habari, kwamba ofisi ya umma ikiombwa taarifa ina siku zisizozidi 30 za kumjibu. Alisikiliza kama anayesikiliza redio ya jirani. Nilipofika kwenye kifungu kinachosema asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, na ofisa ndiye anayepaswa kumwandikia, akaniambia, "Hapo. Rudia hapo."

Kesho yake tukaenda. Mtendaji wa kijiji alikuwa kijana, labda alinizidi miaka mitano. Alimwamkia shangazi vizuri, akatupa benchi. Mimi nikaharibu. Nilitoa makaratasi yangu nikaanza kumsomea vifungu kama hakimu, na kadiri nilivyosoma ndivyo uso wake ulivyofunga. Akasema vitabu vya kijiji ni nyaraka za serikali, vina siri, tuandike barua halmashauri ya wilaya. Nikamjibu kwamba sheria imetaja vinavyoweza kuzuiwa, mambo kama usalama wa taifa na faragha za watu, na kwamba sioni choo cha mwaloni kinavyohusika na usalama wa taifa. Nilijiona nimesema neno. Hakucheka.

Shangazi akanishika goti. "Mwanangu," alimwambia yule kijana, "mimi sijui kuandika. Huyu anasema wewe ndiye wa kuniandikia. Basi niandikie."

Kimya kikapita. Nje jogoo akawika saa ambayo si yake. Kisha mtendaji akavuta karatasi ya mistari, akafungua kalamu, akauliza, "Niandike nini, mama?"

"Andika kwamba nataka kuona kitabu cha mkutano uliozungumza choo. Na kitabu cha pesa ya choo. Usiandike kwa maneno makubwa, andika kama nilivyosema."

Akaandika hivyo hivyo. Shangazi akaweka dole gumba, karatasi ikagongwa mhuri wa tarehe. Vifungu vyangu vyote havikuwa vimepata hata hicho.

Siku ya 26 tukaitwa. Mbalamwezi nyingine ilikuwa imefika, na nadhani yule kijana, ambaye kwao si ziwani, hakujua alivyotusaidia kwa kuchagua wakati huo.

Kitabu cha mihtasari kilikuwa kaunta buku nene, jalada limeliwa na mende pembeni. Kutoka nacho nje hairuhusiwi, mashine ya fotokopi hakuna, kwa hiyo tulikubaliana nisome kwa sauti na ninakili kwa mkono. Mtendaji akavuta kiti karibu yetu. Nilidhani anatulinda tusichane ukurasa. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa na yeye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miezi minne tu pale, aliyemtangulia alihamishwa ghafla na makabidhiano hayakufanyika. Aliachiwa funguo na mhuri. Ile habari ya siri ilikuwa ya mtu asiyejua ndani ya kabati lake mna nini.

Mkutano mkuu wa kijiji, tarehe 14 Machi 2018. Kufungua mkutano. Kusoma muhtasari uliopita. Yatokanayo. Taarifa ya mapato na matumizi, "ilisomwa na kupokelewa", bila tarakimu hata moja. Halafu Mengineyo. Yeyote aliyewahi kunakili mihtasari ya kijiji anajua kwamba mambo mazito hayakai kwenye agenda, yanakaa kwenye Mengineyo, watu wakiwa wanakung'uta vumbi kwenye kanga waondoke. Hapo iliandikwa kwa mwandiko safi: "Mkutano umeridhia kwa kauli moja fedha za choo cha mwalo zilizobaki zielekezwe kwenye ukarabati wa ofisi ya kijiji."

Shangazi aliinua macho taratibu mpaka juu ya dari. Mtendaji naye akainua. Na mimi. Palikuwa na siling bodi nyeupe, mpya, vichwa vya misumari bado vinang'aa.

"Nisomee waliokuwepo," shangazi akasema.

Mahudhurio yalikuwa kurasa tatu. Nikasoma majina, yeye anaitikia kwa kichwa, huyu alikuwepo, huyu sijui, huyu ana miaka miwili yuko Mpanda. Namba 43 nikanyamaza.

"Mbona umekwama?"

Lilikuwa jina lake. Mbele yake sahihi. Si alama ya dole gumba, sahihi ya wino wa bluu, imekatwa kwa madaha, na mkia mrefu uliozunguka ukapita chini ya jina kama ya meneja wa benki. Nilimgeuzia kitabu. Alikiinamia akaifuata ile sahihi kwa kidole, mwanzo hadi mwisho wa mkia, akarudia tena.

"Nzuri," akasema.

Nikiri kitu hapa. Mimi nilitaka tuishie pale. Niliogopa. Niliwaza aliyeandika ana ndugu kijijini, niliwaza shangazi anaishi peke yake, nikaanza kumwambia twende nyumbani tukatafakari. Ni mimi niliyekuja na sheria mfukoni, na mimi ndiye niliyetaka kuirudisha mfukoni.

Yeye alikuwa anahesabu siku. Machi 14 ilikuwa arobaini ya wifi yake, alikuwa Ujiji, alilala huko siku tatu. Aliomba dawa ya mhuri aweke dole gumba lake pale pale, kando ya ile sahihi. Mtendaji akakataa, na alikuwa sahihi kukataa: kumbukumbu haiongezwi kitu baada ya kufungwa. Lakini alivuta karatasi nyingine mwenyewe, bila kuambiwa. Akaandika kwa maneno ya shangazi kwamba yeye, namba 43, hakuwepo, alikuwa msibani Ujiji, na sahihi ile haijui. Dole. Mhuri. Nakala mbili, moja yake, moja ya jalada. Yake ilikunjwa mara nne. Nilijua inakwenda kwenye kopo lipi.

Kitabu cha fedha tulikiona siku hiyo hiyo na hakina hadithi: mbao, misumari, siling bodi, ufundi, stakabadhi mbili kati ya tano. Nilinakili yote.

Kisheria mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Wetu ulikaa Novemba, mvua zimeshaanza, mimi nimesharudi chuoni. Shangazi alinipigia usiku kwa simu ya jirani. Alisema mtendaji alisimama akasoma ule muhtasari wa Machi, akasoma na mahudhurio, jina moja moja, na watu walikuwa wanasimama kusema nilikuwepo, sikuwepo. Watu hawakuondoka kwenye Mengineyo. Walikaa mpaka jua likazama, wakakubaliana siku ya kumwita aliyehamishwa.

"Na dagaa?" nikamuuliza, maana lilikuwa giza la mwezi, nilijua vichanja vilijaa.

"Wamelala nje," akasema. "Wamenyeshewa wote."