Nilivyofuga vipepeo wa Karura kwa balkoni mpaka nikamjua jike

Ukiingia msitu wa Karura hapa Nairobi asubuhi jua likishatoka vizuri, utaona kipepeo mkubwa wa njano iliyopauka mwenye mistari myeusi, bawa la nyuma lina mkia, anapita tu hatulii. Huyo ni Papilio dardanus, na huyo unayemuona ni dume. Jike nilimtafuta miaka miwili manze, kumbe nilikuwa nampita kila wikendi nikidhani ni kipepeo mwingine.

Jike wa huku kwetu mara nyingi hana mkia na ile njano hana. Anaiga vipepeo wenye sumu ili ndege wamuogope, mmoja atafanana na Amauris niavius, mweusi wa mabaka meupe, mwingine rangi ya chungwa kama Danaus chrysippus ambaye ndege akimla anatapika. Lakini Madagaska majike wana mkia na njano kama madume! Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu, ndiye alieleza mwaka wa 1869 kwamba hawa wote ni aina moja, na kuna waliombishia. Mimi nilitaka nione na macho yangu.

Msituni huwezi kubeba kitu, na haifai. Lakini viwavi wake wanakula majani ya jamii ya ndimu, na shosho, yaani bibi mzee, jirani yetu hapa Githogoro ana mti wa ndimu, siku moja nikamkuta na jivu mkononi anataka kuwamwagia. Nikamwambia, "Shosho, ngoja, nipatie mimi." Akasema, "Chukua wote kijana wangu, wananimalizia mti."

Wa kwanza walikufa wote. Niliwapa majani ya mti mwingine bila kuuliza, kumbe ulikuwa umepigwa dawa, iliniuma sana. Mara ya pili nikarudi kwa shosho tu, nikachukua sita wadogo, wale bado wanafanana na kinyesi cha ndege. Nyumba yao ilikuwa basini ya nguo imefungwa neti ya pazia, tawi liko kwa chupa ya maji, na mdomo wa chupa lazima uuzibe na tishu la sivyo wanatumbukia. Kinyesi unatoa kila asubuhi, majani unabadilisha. Wakikua wanageuka kijani, na ukimgusa mmoja anatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, zina harufu kali hiyo mikono utanawa mara mbili.

Ilikuwa Julai na ile baridi, pupa, yale maganda kiwavi anajifungia ageuke kipepeo, zikakaa mpaka nikakata tamaa. Ni za kijani, bapa, ungeapa ni jani limekunjika. Mbili zilitoboka vinyigu vidogo vikatoka, moja ikakauka.

Halafu Jumanne dume akatoka, njano, mikia yote. Alhamisi ikatoka ya pili, kutoka pupa ya kijani vilevile, ya mti uleule: mweusi, mabaka meupe, hana mkia. Nilikaa chini kwa simiti nikimwangalia akining'inia, mabawa yakinyooka polepole kama kitambaa kilicholowa, chai ikapoa.

Nikampelekea shosho yule jike na maganda mawili aone, maganda akayageuzageuza kwa kiganja hakuona tofauti. Akaniuliza, "Sasa mama yao alikuwa rangi gani?" Jike alikuwa bado amekaa juu ya mndimu. Saa saba hivi akapaa, akaelekea Karura.