Anavaa 32, kitambi kinasoma 38

Nashona nguo za kiume Mtwara mjini, si mbali na Soko Kuu, na daftari langu la vipimo lina habari ambazo sikuziomba. Kijana akija mara ya kwanza naandika kiuno, hipsi, paja, urefu. Akirudi baada ya msimu wa korosho, minada imeshalipa na harusi zimepangana, namfungulia ukurasa uleule. Urefu ni uleule, mabega yaleyale. Kiuno kimetoka inchi 31 kimefika 36, na mwenyewe hata miaka thelathini hajaigusa.

Wengi hubisha. "Fundi, mimi navaa 32, cheki hata jinzi niliyovaa." Kweli imeandikwa 32, ila kaishusha mpaka mkanda umekaa chini ya kitambi. Ndiyo maana mtu anaweza kunenepa miaka mitatu bila kubadili saizi ya suruali.

Mteja wangu mmoja, muuguzi, ndiye aliyenionyesha wenzetu wa hospitali wanavyopima: futi inapita katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mtu amesimama, ameshusha pumzi, hajabana tumbo. (Kubana tumbo ndiyo kazi ya kwanza ya mwanaume akiona futi.) Kwa mwanaume, kuanzia sentimita 94, yaani inchi 37, hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo inaanza kupanda. Ikizidi 102, inchi 40, imepanda sana. Nikipima kwa mtindo huo, yule wa 32 anasoma 38. Na mafuta ya tumboni si ya kuongeza ukubwa wa shati tu. Mengine yanajaa ndani, kuzunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayoanza kuvuruga kazi ya insulini, ile homoni inayodhibiti sukari kwenye damu.

Sasa watu watasema vijana ni wavivu na walafi. Siamini. Naongea nao kila siku, wengi ni wa bodaboda, wanatoka alfajiri wanarudi usiku. Ila wanafanya kazi wamekaa. Baba zao walipalilia mikorosho, wao wanakaa kwenye siti tangu Magomeni ya hapa Mtwara mpaka Mikindani na kurudi. Kisha saa nne usiku mtu anafika geto. Hakuna mke, hakuna mboga, kuna ndoo ya maji na godoro. Awashe mkaa ale saa ngapi, tena peke yake? Kibanda cha chipsi kiko hapo kwenye taa, mayai mawili, dakika kumi, tomato na pilipili juu, soda baridi pembeni. Chipsi ni chakula cha mwanaume asiye na jiko. Kumwambia aache bila kumwambia atapika wapi ni kumpigia kelele tu.

Na hapa nacheka peke yangu: gesi ya Mnazi Bay, hapahapa Mtwara, inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu 2015, huku kijana wa Chikongola hapa mjini analala na chipsi zege (chipsi mayai) tumboni kwa sababu mkaa unamchelewesha.

Kiazi chenyewe hakina kosa. Gramu mia za kiazi cha kuchemsha hazifiki kalori mia. Zikishazama kwenye karai zinakaribia mia tatu, maana maji yametoka, mafuta yameingia. Ile soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa mtu mzima asivuke kama sita kwa siku nzima. Halafu analala. Asubuhi supu na chapati mbili, anawasha pikipiki.

Nyumbani hakuna wa kumshtua. Akienda Newala kusalimia, mama anamshika shavu: "Mwanangu, umenawiri." Mjomba anasema maisha yamemkubali. Kitambi kwetu kinasomwa kama salio la benki, kwa hiyo nani atakwenda kupima sukari kwa sababu amesifiwa?

Madereva watatu wa kijiwe cha jirani yangu wamechangishana mtungi mdogo wa gesi na jiko la plate mbili. Jumapili wanachemsha maharage au mbaazi sufuria zima, wanagawana. Usiku anayewahi kurudi anasonga ugali, samaki ananunuliwa feri jioni. Mchana, wakiona mama wa ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, anapita, wananunua. Chipsi wanakula wakipenda, si kwa kukosa pengine. Wawili nimeshawapunguzia suruali nyuma, mmoja inchi nzima na nusu. Wa tatu nimemwachia kitambaa cha akiba kwenye mshono, kwa sababu ugali anakula na wenzake vizuri kabisa, kisha anashushia soda mbili.