Redio ya setilaiti Tabata: kumbe ni unywele wa waya

Wadau, redio imekamata! Siku tatu king'amuzi kilisoma mawimbi sifuri. Nilizungusha dishi hadi shingo ikakakamaa (Dar, kwa setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, dishi linatazama juu kama sinia). Nikabadilisha LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi). Wapi!

Jana nilizima umeme, nikafungua kiungio cha waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Uzi mmoja wa wavu wa nje, mwembamba kama unywele, ulikuwa umegusa shaba ya katikati na kuleta shoti. Waya huohuo ndio unaopandisha volti 13 au 18 kwenye LNB, basi haikuwa inapata umeme. Nikakunja nyuzi zote nyuma, nikafunga, nikasachi upya, nikabonyeza kitufe cha redio kwenye rimoti. Orodha hiyo!