Choo cha boti ya mita saba na mahali pa kukimwaga

Mara ya kwanza mama yangu mzazi alipopanda boti yetu kwenda Mbudya, kisiwa kilicho mbele ya Dar es Salaam, alikataa chai asubuhi, akakataa maji njiani, na hata tulipofika kisiwani jua likiwa utosini alilionja dafu kwa ncha ya midomo tu. Jioni tuliporudi Msasani kichwa kilikuwa kinamuuma hata hawezi kufumbua macho vizuri. Nilimkumbusha kwamba boti ina choo, na kwamba nilimwonyesha kile kijichumba cha omoni, mbele ya boti, kabla hatujang'oa nanga. Akaniambia kwa sauti ya chini, wajukuu zake wasisikie: "Mwanangu, nimeona bomba lake linatokea wapi. Nijisaidie humo, kisha yaende kule wanakoogelea watoto?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Boti niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, ya faibaglasi, na choo chake kilikuwa kile cha pampu ya mkono kinachovuta maji ya bahari kwa mpira mmoja na kusukuma uchafu baharini kwa mpira wa pili. Wazee wetu wa majahazi nao walikuwa na choo kisichotofautiana sana na hicho, kisanduku cha mbao kilichoning'inizwa nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo, ambacho kilimpa mtu sitara na kuiachia bahari kazi iliyobaki. Lakini jahazi lilikuwa likivuka bahari kuu na mabaharia wachache, ilhali sisi tunatia nanga mahali penye kina cha mtu na nusu, mbele ya ufukwe uliojaa waogeleaji, ndani ya hifadhi. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na matumbawe hayahimili mbolea: kinyesi na mkojo huurutubisha mwani, na mwani ukishastawi huyafunika matumbawe na kuyanyima mwanga.

Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, ujulikanao kama MARPOL, una kiambatisho cha nne kinachohusu maji taka ya vyooni. Kinazigusa meli za tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15, zikiwa katika safari za kimataifa, kwa hiyo boti kama yangu haimo. Hata hivyo umbali uliowekwa humo ulinifumbua macho. Uchafu uliosagwa na kuuliwa vijidudu humwagwa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu, na ule ambao haukutibiwa zaidi ya maili 12, tena ukiwa umetunzwa tankini umwagwe kidogo kidogo huku chombo kikitembea kwa mwendo usiopungua maili 4 kwa saa. Maili 12 za baharini ni kilomita 22 na ushei. Hakuna kisiwa chetu hata kimoja cha matembezi kinachokaribia umbali huo, na hata ukivuka kwenda Unguja, mlango wa bahari una sehemu ambazo ukiwa katikati kabisa bado hujafikisha kilomita 22 kutoka bara wala kutoka kisiwani.

Niliamua basi kwamba hakuna kitakachotoka botini kwetu kwenda baharini, na hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu msimu mzima wa kaskazi: nilikimbilia kununua tanki kabla sijajiuliza likijaa nitalimwaga wapi. Nilipata tanki la plastiki nene la lita 45. Fundi akalifunga chini ya kitanda cha omoni, tukaunganisha mpira wa kutoka chooni hadi tankini, mpira wa pumzi kutoka tankini hadi nje ya ubavu, na mpira mwingine uliopanda hadi kwenye kifuniko cha sitahani kwa ajili ya kunyonya. Katika mchoro ulikuwa mpango mzuri.

Kilichotushinda kwanza ni harufu. Wengi hudhani harufu ya choo cha boti ni ya kinyesi chenyewe, kumbe sehemu kubwa huletwa na maji ya bahari tunayoflashia. Maji hayo yana salfeti, na yakifungiwa tankini pamoja na uchafu pasipo hewa, bakteria wasiohitaji oksijeni huigeuza salfeti kuwa gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile inayonuka kama yai viza. Dawa yake ni hewa. Bakteria wanaotumia oksijeni huuozesha uchafu uleule bila kutoa gesi hiyo, kwa hiyo mpira wa pumzi unatakiwa uwe mpana, mfupi na ulionyooka, na wa kwetu haukuwa na sifa hata moja kati ya hizo. Ulikuwa wa milimita 16, umezunguka nyuma ya kabati, na katikati ulilegea ukafanya tumbo. Tumbo lile likakusanya maji, maji yakaziba hewa, na kila pampu iliposukumwa tanki lilijitafutia pa kupumulia kupitia sinki la choo. Tulipouondoa na kuweka wa milimita 38 uliopanda moja kwa moja, harufu ilipungua ndani ya siku chache, ingawa haikuisha.

Iliyobaki ilitoka kwenye mipira yenyewe. Mzee mmoja anayetengeneza boti Kunduchi alinifundisha jaribio ambalo natamani kila mwenye chombo alijue. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, kikamue, kizungushie mpira wa choo, kiache hadi kipoe, kisha kitoe nje ya boti ukinuse. Nilifanya hivyo mahali patatu. Vitambaa viwili havikunuka kitu. Cha tatu, kilichofungwa pale mpira ulipolala chini na uchafu kutuama, kilinuka kana kwamba nimekichovya tankini, ingawa mpira kwa nje ulikuwa mkavu na mzima. Mpira wa kawaida wa maji, hata ule mzito wenye nyuzi tunaoununua Kariakoo kwa ajili ya pampu za shambani, hupitisha harufu baada ya muda. Unahitajika mpira uliotengenezwa mahsusi kwa maji taka, na hata huo usiachiwe bonde la kutuamisha uchafu. Na kila anayemaliza haja aendelee kusukuma pampu mpaka kilichomo mpirani kiwe kimefika tankini.

Kuna jambo zito kuliko harufu, kwa sababu linaweza kuizamisha boti. Choo kinachovuta maji ya bahari kinahitaji tundu chini ya usawa wa maji, na tundu hilo linahitaji koki. Fundi alifunga koki ya shaba ya njano, ya aina inayofungwa kwenye mabomba ya nyumba, nami sikujua tofauti. Shaba ya njano ina zinki ndani yake, na maji ya chumvi huila ile zinki taratibu na kuiacha shaba ikiwa na vitundu kama sifongo. Baada ya miezi minane nilishika mpini ili kuifunga koki, shingo ikakatika mkononi mwangu, na pale ilipokatika rangi haikuwa tena ya dhahabu bali nyekundu iliyofifia, ikimeguka kama biskuti. Maji yakaingia kwa nguvu. Kilichotuokoa ni kizibo cha mbao laini chenye umbo la karoti, ambacho nilikuwa nimekifunga kwa kamba kando ya koki tangu siku ya kwanza. Nilikipigilia kwa nyundo, tukakumba maji ya ngama, chini ya sakafu ya boti, kwa ndoo hadi tulipofika pwani. Koki ya chini ya maji iwe ya bronzi, au ya plastiki maalumu iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, na kila ncha ya mpira ikazwe kwa vibano viwili vya chuma kisichoshika kutu.

Na hata koki ikiwa nzima, sinki lililo chini ya usawa wa maji linaweza kujaa lenyewe usiku, maana maji yakishaanza kupita mpirani hujivuta, kama mafuta yanavyojivuta mtu anapoyanyonya kwenye tanki la gari. Mpira upandishwe juu ya usawa wa maji, ukihesabu na boti inapolala upande, na kileleni uwekwe kiwiko chenye vali ndogo ya kuingiza hewa inayoukata mvuto huo.

Hayo yote yangerekebishika. Lisilorekebishika ni lile swali nililoliruka mwanzoni. Mahali ninapofunga boti hapana pampu ya kunyonya vyoo vya vyombo. Gari la maji taka linafika barabarani, ila mpira wake haufiki nangani. Nikaishia kuuvuta uchafu kwa pampu ya mkono hadi kwenye madumu, kuyashusha madumu kwenye kidau, na kuyapandisha pwani moja moja. Asubuhi moja dumu liliniponyoka, kifuniko kikafunguka, nikasimama ndani ya maji ya magoti nikitazama rangi yake ikitawanyika kuelekea walikokuwa wamekaa wachuuzi wa samaki. Sikumwambia mama.

Kwa miezi kadhaa nilivutiwa na choo kikavu, kile kinachotenganisha mkojo kwa mbele na kinyesi kwa nyuma. Hakihitaji tundu kwenye boti, hakitumii maji, na kinyesi kikichanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, ambalo pwani yetu haikosi, hukauka na kutulia, kwa sababu harufu kali huzaliwa pale mkojo na kinyesi vinapokutana. Ni mfumo ninaouheshimu, na kwa mtu anayesafiri peke yake na kutumia karatasi ungekuwa chaguo langu la kwanza. Lakini sisi tunatawadha. Katika nyumba yangu hakuna atakayetoka chooni bila maji, na hilo halina mjadala. Kila mtu humwaga walau nusu lita ya kopo, na maji hayo yakiangukia upande wa kinyesi huugeuza tope kwa siku moja. Vipo vyoo vya kuchuchumaa vyenye tundu la tatu kwa ajili ya maji ya kutawadhia, lakini kijichumba chetu kina sakafu ya sentimita 70 kwa 80, sikuona pa kukiweka. Maelezo mengi ya vyoo vya boti nimeyasoma kutoka kwa watu wa Ulaya na Marekani, na katika hesabu zao za lita hakuna kopo. Anayezifuata hapa kwetu kama zilivyo atakuta tanki limejaa kabla ya adhuhuri.

Nikachukua dumu na kopo nikapima mwenyewe. Choo cha pampu, ili mpira ubaki safi, kilikuwa kikimeza lita nne na nusu hivi kila mtu alipoingia, maana yake tanki langu kubwa la lita 45 lilijaa baada ya watu kumi. Choo cha kubebeka, chenye sanduku la juu la maji safi na sanduku la chini la uchafu la lita 20, hutumia maji kidogo sana ya kuflashia. Mkojo, kopo na maji hayo kwa pamoja havikuzidi lita mbili. Watu kumi walewale, katika chombo kisichofika nusu ya kile cha kwanza, kisicho na mpira wala koki, na ambacho kikijaa kina uzito wa ndoo ya maji tuliyozoea kuibeba. Sisi tuko watano, na kwa safari ya kutwa kimoja kinatosha. Kwa safari ya kulala nilinunua sanduku la chini la pili, nikalitengenezea nafasi lilipokuwa tanki.

Kukifunga kulichukua siku moja. Tulikata plaiwudi ya milimita 18, tukaipaka resini pande zote pamoja na kingo, tukaifunga kwenye sakafu, kisha juu yake tukakaza vishikizo viwili vinavyolibana sanduku la chini na kuachia kwa mkono mmoja. Visipuuzwe, kwa sababu kusi ikichafuka kati ya Bongoyo na rasi ya Msasani choo kisichofungwa kitapinduka. Ukutani tuliweka mpini wa kujishikia, chini kidogo kuliko nilivyotaka mimi, kwa kimo cha mama. Raba ya mlango unaoteleza kati ya masanduku mawili hupakwa grisi ya silikoni, na boti ikiwa imeshinda juani, kitufe cha kutoa hewa kibonyezwe kabla ya kuufungua mlango huo, la sivyo gesi iliyotanuka itarusha juu kilichomo. Dawa za bluu zenye formaldehaidi siziweki. Sanduku nalimwaga jioni ileile chooni nyumbani, nasi tunatumia karo, yaani shimo la maji taka, na dawa hizo huua bakteria wanaolifanyia karo kazi. Karo likijaa, gari hulinyonya na kuupeleka uchafu kwenye mabwawa ya kusafishia kama yale ya Vingunguti.

Yalibaki matundu mawili ya zamani ubavuni. Tulisubiri bamvua, wakati ambapo hapa Dar maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, tukaikalisha boti mchangani, na asubuhi kiasi cha saa nne ilikuwa kavu hadi mkukuni, uti wa chini wa boti. Fundi alizisaga kingo za kila tundu ziwe na mteremko mrefu, upana mara kumi na mbili ya unene wa ubavu, ili kiraka kishike eneo kubwa, kisha akalaza kitambaa cha nyuzi za kioo juu ya kitambaa, kidogo kwanza na kikubwa baadaye, akikandamiza kila tabaka kwa rola hadi mapovu yaishe. Jua likakikausha haraka.

Mama alikuja kuona kabla maji hayajarudi. Alivua kandambili, akazunguka hadi ubavuni, akapapasa kiraka kwa kiganja kilipokuwa bado na joto, akauliza kama kuna tundu jingine. Nikamwambia hakuna.