Siku Mjomba Aliporudisha Arubuni

Mvua za El Niño zilizoanza Oktoba 1997 zilipokoma, mjomba aliniambia nifuatane naye hori ya Mwache, mkono wa bahari karibu na Mombasa, akatazame miti yake. Msitu wa mikoko ni wa serikali, lakini yeye alikuwa mkataji mwenye leseni, na kwa miaka aliyoingia humo, nani angembishia?

Tulitoka nyumbani maji ya bamvua yakijaa, yeye nyuma na upondo, mimi mbele ya kidau. Njiani alikuwa na desturi ya kunihoji. Mkoko upi uliotangulia baharini? Mlilana. Upi ukilamba jani lake waonja chumvi? Mchu. Na ule wa nyuma, ambao gome lake hutoa rangi? Mkandaa. Siku hiyo hakuniuliza kitu.

Palipokuwa na kivuli zamani sasa palikuwa na jua. Miti ilisimama mikavu, haina jani, hadi jicho linapokoma. Nikauliza nani kaichoma.

"Haikuchomwa, mwanangu. Imekosa pumzi."

Akachomeka upondo topeni, akauchomoa, akanionyesha. Juu umepakwa udongo mwekundu wa bara. Nchani tu ndipo palipokuwa na tope jeusi tulilolizoea. Mto ulikuwa umebeba udongo wa mashamba ya pande za Kinango ukaumwaga hapa. Mizizi ya mikoko huvuta hewa kwa vitundu vidogo vilivyo juu ya tope. Ikifukiwa, mti hufa wima. Watu husema adui wa mkoko ni shoka. Pale sikuona hata kisiki kimoja kipya.

Mbele kidogo ulisalia ukanda wa kijani. Ndege kulastara walijazana humo, na miche mirefu ya mkoko ilining'inia matawini ikingoja kudondoka. Mjomba aliushika mmoja, akauacha.

"Mbegu ni hii tu iliyobaki."

Nyumbani alingojwa na fundi wa Mji wa Kale, aliyekwisha kulipa arubuni ya boriti za dari. Mjomba akaomba pesa zile. Mkaza mjomba alizifungua pembeni mwa leso, akazihesabu polepole, maana nyingine zilikuwa za unga. Fundi akakataa kuzipokea, akasema atangoja. Mjomba akamwambia akatafute boriti Lamu, yeye Mwache hakati tena mpaka miche ile ishike.

Akageukia kutega kaa, na mkaza mjomba akaanza kupika mahamri ya kuuza.