Kumfuata Antoine kwenye Barabara ya Mfalme

Tulitoka Montréal alfajiri, mimi, mume wangu na mama yake. Barabara kuu tuliiacha makusudi, tukashika Chemin du Roy, Barabara ya Mfalme, iliyokamilika mwaka 1737 na mpaka leo inaambaa na mto Saint-Laurent kwenda Québec. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma, bahasha ya nakala za vyeti mapajani. Tulikuwa tunamfuata Antoine Roy, babu wa kale wa mume wangu.

Nyumbani kwetu hakuna Roy hata mmoja. Mume wangu na watoto ni Desjardins. Ila Antoine, mtengeneza mapipa wa Joigny huko Ufaransa, alikuja Kanada na kikosi cha Carignan-Salières kilichotua mwaka 1665, na askari wa zama zile alikuwa na lakabu yake. Makarani waliifungia lakabu kwenye jina kwa kineno kimoja, "dit", yaani "aitwaye": Antoine Roy dit Desjardins, wa bustanini. Wengine waliitwa Lafleur, Ua. Sansouci, Asiye na Wasiwasi. Tranchemontagne, Mkata Mlima. Askari wapatao 400 walibaki wakaoa, na lakabu zikarithiwa. Padri huyu aliandika Roy, yule Desjardins, mwingine yote mawili, hata ndugu wa tumbo moja wakaweza kuzikwa kwa majina mbalimbali. Usipokijua hicho kineno, ukoo unakupotea mikononi.

Batiscan ni kijiji kidogo, mto ni mpana kama ziwa. Hapa ndipo Antoine alipopata shamba, na hapa ndipo alipozaliwa Pierre, mwanawe wa pekee. Tulisimama ukingoni upepo ukitupiga, mama mkwe akatusimulia mwisho wa mzee: mwaka 1684, kule Lachine, aliuawa na mume wa mwanamke aliyefumaniwa naye. Alishusha sauti, kana kwamba majirani bado wanasikiliza. Nami nilimwonea huruma mke aliyebaki Batiscan.

Huyo mke ndiye aliyenishika moyo. Kesho yake, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Québec iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Laval, tulimfuata yeye. Marie Major, mzaliwa wa Normandie, mmoja wa wale wasichana kama 770 waliosafirishwa kwa gharama ya mfalme kati ya mwaka 1663 na 1673 waje kuolewa huku. Aliolewa mwaka 1668, akiwa Marie Major. Alizaa, akaandikwa Marie Major. Akafiwa na mume kwa aibu ile, akaendelea kuwa Marie Major.

Lazima niseme kwa nini nilitokwa machozi. Nilipofunga ndoa huku niliambiwa sitaandikwa Desjardins. Québec, tangu mwaka 1981, mke hubaki na jina lake kisheria. Iliniuma. Shangazi zangu wote kule Kilimanjaro wanaitwa kwa majina ya waume zao, nami nikaona kama nimeachwa mlangoni. Kumbe mwanamke wa huku aliandikwa hivyo karne tatu kabla ya sheria, na ni kwa sababu hiyo tu anapatikana leo.

Mama mkwe alikuwa amezama kwenye vitabu vya ubatizo. Mimi ni mtoto wa parokia ya Kilema, misheni ya tangu 1890, navijua vitabu hivyo, lakini hili lilikuwa geni kwangu: kila mvulana Joseph, kila msichana Marie, kisha jina la msimamizi, kisha ndiyo jina la kuitwa. Kaka zake mwenyewe wote ni Joseph kwenye vyeti, na hakuna aliyewahi kuitwa Joseph. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, hata kaburini unajua nani ni wa nani.

Mara akageuza karatasi yake, akaandika jina langu kwenye mstari mmoja na Marie Major. Akauliza: na mama yako? Na mama yake?

Québec ilikuwa saa sita mchana, Kilema saa moja jioni. Nikapiga simu.

"Shikamoo mama. Bibi aliitwa nani?"

"Marahaba mwanangu. Unataka lipi, la padri au la nyumbani?"

"Yote mawili," nikasema, na mama mkwe akasogeza kalamu.